Teria wa Staffordshire: asili, umbo na tabia ya mbwa anayehukumiwa kwa sura

Huko London, mbwa huyu hutembezwa bustanini bila masharti ya pekee. Akivushwa bahari hadi Dublin, sheria inamtaka afungwe mdomo na ashikwe kwa kamba fupi kila atokapo nje ya nyumba. Akipelekwa Berlin kwenda kuishi na bwana wake mpya, anaweza kuzuiwa asiingie nchini kabisa. Ni mbwa yuleyule, mwenye urefu usiofika goti la mtu mzima, na jina lake kamili ni Staffordshire Bull Terrier.

Sisi tunaotafsiri habari kutoka lugha za kigeni tuna sehemu yetu katika mkanganyiko unaomzunguka. Taarifa huingia ikisema mbwa wa aina fulani amemjeruhi mtoto. Jina la aina hiyo ni refu na geni, muda ni mfupi, na mkono huandika "mbwa mkali" kisha habari ikasomwa. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Mwezi Septemba mwaka 2023, serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba ingempiga marufuku mbwa aitwaye XL Bully, tafsiri yangu ilisema tu "mbwa wa jamii ya bulteria". Siku iliyofuata, msikilizaji wetu mmoja anayeishi Uingereza alipiga simu. Alikuwa na teria wa Staffordshire mwenye umri wa miaka 9, aliyekua pamoja na wanawe, na alitaka kujua kama alipaswa kumpeleka kwa daktari wa mifugo akauawe. Hakupaswa, kwani mbwa wake hakuhusika hata kidogo na tangazo lile. Makala haya yanaeleza ni kwa nini.

Kutoka uwanja wa fahali

Neno teria linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ardhi. Materia wa kwanza walikuwa mbwa wadogo wa Uingereza, Scotland na Ireland waliotumwa kuingia mashimoni kumfukuza mbweha, au kuua panya ghalani. Walitakiwa wawe wepesi, wakaidi, na wasiogope giza wala meno ya mnyama aliyebanwa kwenye shimo lake.

Sehemu ya pili ya jina, bull, maana yake ni fahali, na hapo ndipo historia inapokuwa nzito. Kwa karne kadhaa, Waingereza walikuwa na mchezo wa kumfunga fahali kwenye nguzo na kumwachilia mbwa amkamate. Kazi ya mbwa ilikuwa kumng'ata fahali puani na kutomwachia, hata akirushwa hewani. Mbwa wa kazi hiyo ndiye aliyeitwa buldogi, na hakufanana sana na buldogi wa leo mwenye uso uliokunjamana anayehema kwa shida; alikuwa mrefu zaidi na mkakamavu. Haikuwa burudani tu. Watu waliamini kwamba nyama ya fahali aliyesumbuliwa na mbwa huwa laini, na katika miji kadhaa mchinjaji aliyeuza nyama ya fahali asiyepitishwa kwenye mchezo huo aliweza kutozwa faini. Jiji la Birmingham lina soko ambalo hadi leo linaitwa Bull Ring.

Mwaka 1822 Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda mifugo dhidi ya ukatili, iliyopiganiwa na mbunge Richard Martin. Mahakama, hata hivyo, ziliona kwamba fahali hakutajwa ndani yake, na mchezo ukaendelea. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1835 ndipo sheria nyingine ilipokataza waziwazi viwanja vya kushindanisha mbwa na fahali, na pia mapigano ya mbwa kwa mbwa.

Matokeo yake hayakuwa yale waliyoyatarajia watunga sheria. Fahali hafichiki, kwa maana anahitaji uwanja na umati, na polisi humwona. Mbwa wawili wanaopigana katika chumba cha chini cha baa hawaonekani na mtu. Mchezo mmoja ulikufa na mwingine ukashamiri gizani. Tayari kabla ya hapo wafugaji walikuwa wameanza kumchanganya buldogi na teria, wakitafuta nguvu za taya za mmoja na wepesi wa mwingine. Mchanganyiko huo ulitumika vilevile katika mashindano ya kuua panya, ambako watu waliweka fedha kwa saa mkononi: mwaka 1823, mbwa aliyeitwa Billy aliua panya 100 mjini London kwa muda usiozidi dakika 6. Kutoka kwenye mchanganyiko huu usio na jina rasmi ndiko walikotoka karibu mbwa wote ambao magazeti ya leo huwaita wakali.

Eneo lililomkumbatia zaidi mbwa huyu ni lile la magharibi mwa Birmingham, lililojulikana kama Nchi Nyeusi kwa sababu ya moshi na masizi ya viwanda vyake. Wakazi walikuwa wachimba makaa ya mawe, wafua misumari na watengeneza minyororo ya meli. Nyumba zilikuwa ndogo, vipato vilikuwa vidogo zaidi, na mbwa aliyepigana Jumamosi usiku alilala jikoni na watoto Jumapili asubuhi. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka tutakapofika kwenye tabia yake.

Mnamo miaka ya 1850 na 1860, mfanyabiashara wa Birmingham aitwaye James Hinks alimfuga mbwa mweupe mwenye umbo la kupendeza zaidi, akamwonyesha katika maonyesho ya matajiri, na huyo ndiye aliyelichukua jina la Bull Terrier. Mbwa wa wachimba makaa akabaki bila jina. Hali ilidumu hivyo hadi mwaka 1935, wapenzi wake walipokutana katika baa ya Cross Guns, mjini Cradley Heath, chini ya mwenye baa Joe Mallen, wakaunda chama na kuandika maelezo ya umbo lake. Kwa kuwa jina la asili lilikwisha chukuliwa, waliongeza jina la mkoa wao. Mwaka huohuo Kennel Club, taasisi inayosajili aina za mbwa nchini Uingereza, ilimtambua. Mabingwa wake wa kwanza, waliotawazwa mwaka 1939, walikuwa dume aitwaye Gentleman Jim na jike aitwaye Lady Eve.

Umbo lake

Dume hufikia urefu wa sentimita 35.5 hadi 40.5 begani, na uzito wa kilo 13 hadi 17. Jike ana kilo 11 hadi 15 na nusu. Kichwa ni kifupi na kipana, misuli ya mashavu imejitokeza kana kwamba anatafuna kitu, na macho ni ya mviringo yanayotazama mbele moja kwa moja. Masikio ni madogo, yamekunjika nusu. Kifua ni kipana, miguu ya mbele imeachana, na mkia unaning'inia chini kwa mkunjo ambao wafugaji hufananisha na mkono wa pampu ya maji ya zamani. Manyoya ni mafupi na laini, yamelala juu ya ngozi. Rangi zinazokubalika ni nyingi: nyekundu, hudhurungi hafifu, nyeupe, nyeusi, kijivu chenye mng'ao wa buluu, au milia iliyofifia, ikiwa peke yake au pamoja na weupe.

Vipimo hivi havikushuka kutoka mbinguni. Maelezo ya mwaka 1935 yaliruhusu mbwa mwenye urefu wa sentimita 38 hadi 46. Mwaka 1948 kamati ilipunguza urefu huo bila kugusa uzito, na kwa mstari mmoja wa kalamu mbwa mwembamba wa mashindano akawa mbwa mnene wa maonyesho. Ukitazama picha za Gentleman Jim na kuzilinganisha na teria wa Staffordshire wa leo, utaona wazi kwamba wa zamani alikuwa na miguu mirefu zaidi. Mwanadamu ndiye aliyemchora mbwa huyu, na amemchora zaidi ya mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo jicho haliwezi kuliona. Kwa kuwa mbwa wa aina moja huzaliwa kutoka kwa mababu wachache, maradhi ya kurithi hujikusanya. Teria wa Staffordshire ana mawili yanayojulikana sana. La kwanza ni mtoto wa jicho unaoanza akiwa bado mchanga na kumpofusha. La pili ni hitilafu ya kimetaboliki inayoathiri ubongo, ambapo mbwa hutetemeka, hupoteza mizani na kupata degedege. Yote mawili humpata mbwa pale tu anaporithi kasoro kutoka kwa baba na mama pia. Mwenye kasoro upande mmoja huishi salama, lakini huweza kuipitisha kwa watoto wake. Vipimo vya vinasaba vya maradhi yote mawili vipo, na mfugaji mwaminifu huonyesha majibu bila kuombwa mara mbili. Anayesita kuyaonyesha, au asiyetaka umwone mama wa watoto wa mbwa, ni heri kumwacha na biashara yake.

Tabia: kati ya sifa na hekaya

Maelezo rasmi ya Kennel Club yanamtaja kuwa jasiri, mwenye akili, mkaidi na mwenye mapenzi, hasa kwa watoto. Si kawaida kwa maelezo ya namna hiyo kutaja watoto. Wanaoishi naye hukubaliana kwamba mbwa huyu hutafuta mguso wa binadamu kupita kiasi: hulalia miguu ya mtu, hufuata kila anayekwenda jikoni, na akiachwa peke yake kutwa nzima hutafuna viti na milango. Si mlinzi mzuri wa nyumba kama wengi wanavyodhani. Huenda mwizi akapokelewa kwa mkia unaotikisika.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu upole huo ni kwamba katika mapigano ya zamani watu waliingia uwanjani pamoja na mbwa, wakawashika na kuwatenganisha, na hata kuwaosha mbwa wa wapinzani kabla ya pambano ili kuhakikisha hawakupakwa sumu. Kwa hiyo mbwa aliyemuuma mtu hakufaa na hakuachwa azae. Kuna mantiki ndani yake, lakini nisingeijengea nyumba. Wapiganishaji hawakuwa watu wa kutunza kumbukumbu, na mbwa aliyeshinda alikuwa na thamani kubwa hata kama alikuwa amemuuma mtu mara moja. Hekaya ya pili, kwamba katika enzi za Malkia Victoria aliitwa "mbwa yaya" na kuachiwa watoto awalinde, haina ushahidi wa zama hizo. Ni hekaya yenye hatari, kwa sababu humfanya mzazi ageuze kisogo. Mashirika ya ustawi wa wanyama yanasisitiza kwamba hakuna mbwa wa aina yoyote anayepaswa kuachwa na mtoto mdogo bila mtu mzima kuwapo.

Urithi wake wa upande mwingine haujatoweka pia. Materia wengi wa Staffordshire hawawavumilii mbwa wengine, hasa wanapochokozwa, na mbwa ambaye babu zake walichaguliwa kwa kutoachia hachelewi kukumbuka. Ndiyo maana kuzoeshwa na mbwa wengine tangu utotoni, mafunzo ya utii na kamba imara si anasa kwake.

Je, aina ya mbwa inatuambia kiasi gani kuhusu tabia yake? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha majibu ya wamiliki wa mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Sehemu kubwa inabaki kwa mbwa mwenyewe, malezi yake na mazingira. Wanaounga mkono marufuku wana hoja yao, nayo haistahili kupuuzwa: hata kama mbwa wawili wana uwezekano sawa wa kuuma, mmoja mwenye kilo 50 na mwingine mwenye kilo 5 hawaachi jeraha la namna moja.

Ndugu wa ng'ambo

Katika karne ya 19, wahamiaji wa Kiingereza na Kiayarlandi waliuchukua mchanganyiko ule wa buldogi na teria hadi Marekani. Huko alirefushwa na kuongezwa uzito. Mwaka 1898 alisajiliwa kwa jina la American Pit Bull Terrier, na neno pit likiwa na maana ya shimo au uwanja wa mapigano. Mwaka 1936 chama kingine cha Marekani kilimsajili ndugu yake kwa jina la Staffordshire Terrier, kisha mnamo miaka ya 1970 kikaongeza neno American ili asichanganywe na yule mfupi wa Uingereza. Kutoka kwa hao, wafugaji wa Marekani walitengeneza mbwa mpya mnamo miaka ya 1990, mpana na mzito zaidi, aitwaye American Bully. Na wakubwa wa jamii hiyo ndio XL Bully.

Mchanganyiko huohuo ulifika kusini mwa Afrika. Mbwa mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Afrika Kusini, Jock, alikuwa wa damu hiyo. Bwana wake, Percy FitzPatrick, aliendesha mikokoteni ya ng'ombe kati ya pwani ya Ghuba ya Delagoa, iliko Maputo ya leo, na migodi ya dhahabu ya Transvaal katika miaka ya 1880, hadi mbung'o walipomalizia ng'ombe wake. Kitabu chake kuhusu Jock kilitoka mwaka 1907. Kinasimulia kwamba Jock alizibwa masikio kwa teke la tandala, na kwamba alikufa kwa kupigwa risasi usiku na rafiki wa bwana wake aliyemdhania kuwa mbwa aliyekuwa akiiba kuku. Mwizi halisi alikutwa amekufa karibu na hapo. Jock ndiye aliyekuwa amemuua.

Nchini humohumo, mwaka 2022, watoto kadhaa waliuawa na mbwa aina ya Pit Bull katika muda mfupi, na ombi la kutaka wapigwe marufuku likatiwa saini na umma mkubwa. Hofu iliwafikia pia wenye materia wa Staffordshire, mbwa aliyeenea sana katika nyumba za Afrika Kusini, kwa kuwa jirani aliyejaa hasira hana muda wa kupima urefu wa bega.

Sheria zinazopima kwa rula

Uingereza ilipitisha Sheria ya Mbwa Hatari mwaka 1991, baada ya mfululizo wa mashambulizi yaliyotikisa nchi, likiwamo la msichana wa miaka 6 mjini Bradford. Sheria hiyo ilipiga marufuku mbwa wa namna nne, wa kwanza akiwa Pit Bull. Teria wa Staffordshire hakuwekwa. Alikuwa aina iliyosajiliwa, yenye vitabu vya ukoo na wamiliki wengi wapiga kura. Pit Bull hakuwa na hata kimoja.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo haiulizi mbwa alizaliwa na nani. Mwaka 1993 mahakama iliamua kwamba neno "namna" ni pana kuliko "aina", na kwamba inatosha mbwa afanane kwa kiasi kikubwa na maelezo ya umbo la Pit Bull. Kwa hiyo mtoto wa teria wa Staffordshire aliyechanganywa na mbwa mwingine, akitoka mrefu na mwembamba, anaweza kuchukuliwa na polisi, ilhali ndugu yake wa tumbo moja aliyetoka mfupi anabaki nyumbani. Hadi mwaka 1997 hakimu hakuwa na hiari, na mbwa aliyethibitishwa aliuawa. Tangu hapo mahakama inaweza kumruhusu aishi ikiwa si tishio, kwa masharti ya kuhasiwa, kuwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kukatiwa bima, na kufungwa mdomo na kamba hadharani.

Mwaka 2018 palizuka pendekezo la kumwingiza teria wa Staffordshire katika orodha hiyo, kwa hoja kwamba ndiye anayeteseka zaidi mikononi mwa wafugaji wabaya na anayejaa katika makazi ya mbwa waliotelekezwa. Zaidi ya watu 100,000 walitia saini ombi la kupinga, Bunge likajadili mwezi Julai, na serikali ikakataa kumwongeza.

Marufuku ya XL Bully ilianza kwa hatua huko England na Wales: kuanzia tarehe 31 Desemba 2023 haikuruhusiwa kumuuza, kumzalisha wala kumtoa bure, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 kummiliki bila cheti cha msamaha ni kosa. Safari hii serikali ilitaja vipimo: dume awe na sentimita 51 begani au zaidi, na jike 48. Teria wa Staffordshire aliye mrefu kuliko wote kwa mujibu wa maelezo rasmi yuko sentimita 10 chini ya dume huyo, na mwongozo wa serikali ulisema wazi kwamba hahusiki. Hilo ndilo jibu ambalo msikilizaji wetu alistahili kulisikia katika taarifa ya kwanza.

Ujerumani ilichagua njia nyingine. Mwezi Juni mwaka 2000, mvulana wa miaka 6 aliuawa na mbwa wawili katika uwanja wa shule mjini Hamburg. Mwaka uliofuata sheria ya shirikisho ilikataza kuingiza nchini Pit Bull, American Staffordshire, Bull Terrier na Staffordshire Bull Terrier, pamoja na machotara wao. Mahakama ya Katiba iliipitia mwaka 2004 na kuiacha marufuku hiyo ya kuingiza isimame. Ireland nayo haimkatazi, bali inamweka katika orodha ya mbwa wenye masharti: mdomo ufungwe, kamba iwe fupi na imara, na anayemshika awe na umri wa zaidi ya miaka 16.

Kwa familia zetu zilizoko Ulaya, ambazo kazi au masomo huzihamisha kutoka nchi moja hadi nyingine, ni vyema kuuliza ubalozi au idara ya mifugo ya nchi mwendako kabla ya kukata tiketi, na kubeba cheti cha ukoo cha mbwa pamoja na namba ya chipu yake. Nchini Ujerumani, kila jimbo lina kanuni zake juu ya zile za shirikisho, na mbwa ambaye hana karatasi hupimwa kwa macho ya afisa aliye zamu siku hiyo.